Shanga za jeli hazinasi metali? Tafuta dalili yako hapa kabla hujazitupa

Kila ukifika msimu wa projekti vyuoni maswali ni yale yale, na saivi hata wachimbaji wadogo wameanza kuuliza: nimetengeneza shanga za alginati (jeli inayotokana na mwani wa kahawia), nimezitia kwenye maji yenye shaba au risasi, mbona hakuna kitu? Au zimeyeyuka. Au zimenasa metali vizuri tu lakini kuitoa ndo imekuwa kesi. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayoanza ndo ile inayotokea zaidi, kwa hiyo usiruke ukakimbilia ya mwisho kwa vile inaonekana ya kisomi.

Naongelea zaidi shanga za kalsiamu alginati, maana ndo rahisi na ndo wengi mnatumia: gramu 2 za sodiamu alginati kwenye mililita 100 za maji, unadondosha kwa sirinji ndani ya kalsiamu kloraidi, zinaganda. Kinachoshika metali pale ni vikundi vya kaboksili, yaani sehemu za alginati zenye chaji hasi. Kalsiamu imekaa kwenye hivyo vikundi, ikija risasi au shaba ambayo inashikwa kwa nguvu zaidi, kalsiamu inapisha na kutoka kwenda majini. Yaani ni kubadilishana. Ukilishika hilo, nusu ya dalili za huku chini utazijibu mwenyewe.

Kwanza kabisa: hayo maji umeyatoa wapi?

Hii naiweka juu kwa sababu ndo yenye kuua. Utasoma kila mahali kwamba shanga zinafanya kazi vizuri maji yakiwa na pH (kipimo cha uasidi, chini ya 7 ni asidi) kama 5, kwa hiyo mtu anachukua maji yake, anatia asidi kuyashusha. Sasa kama hayo maji yametoka kwenye VAT (tangi la kuloweka mchanga wa dhahabu) au bwawa la plant ya dhahabu yana sianidi, na wenye plant wanayaweka juu ya pH 10 makusudi kabisa ili sianidi ikae majini. Ukishusha kuja 9, 8, 7, inageuka gesi ya haidrojeni sianaidi, na kuna watu pua zao hazisikii harufu yake kabisa. USITIE ASIDI kwenye maji ya sianidi, si siki, si ndimu, si chochote. Na hata ungefanikiwa kutokufa, shaba na dhahabu humo ndani zimeshikana na sianidi zikawa na chaji hasi, alginati haizigusi. Funga ndoo, rudisha ulikotoa, ongea na mkemia wa plant.

La pili ni zebaki. Zebaki ya wachimbaji, ile inayokimbia kwenye karai, ni metali kimiminika, sio ayoni (chembe yenye chaji) iliyoyeyuka, kwa hiyo shanga hazina pa kuishikia. Ukiona vitone vinang'aa chini ya chombo, hapo sio projekti tena. Usipashe moto, usifagie, usimwage, fungua madirisha, toa watoto, mtafute mtu wa Mkemia Mkuu wa Serikali au ofisi ya madini iliyo karibu.

La tatu ni risasi. Kwa mazoezi ya shule tumieni shaba au zinki, basi. Kilichowapata watu wa Owino Uhuru pale Mombasa kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kinajulikana, kesi imefika hadi mahakama ya juu ya Kenya, na risasi haina kiwango ambacho mtoto anaweza kuambiwa hiki ni salama. Kama lazima uifanyie kazi, iwe maabara yenye mtu mzima anayejua, sio jikoni.

Na kingine, najua kuna atakayeuliza: hapana, maji yaliyopita kwenye shanga zako usinywe. WHO inasema risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita, kadimiamu 3. Hakuna karatasi ya kupimia ya bei rahisi utakayoiamini kwenye viwango hivyo.

Dalili: shanga hazigandi, au zinatoka na mikia, bapa, zimeshikana

Hazigandi kabisa? Angalia maji uliyoyeyushia alginati. Maji ya bomba ya sehemu nyingi ni magumu, yana kalsiamu tayari, alginati inaanza kuganda vipande vipande ndani ya bika kabla hujadondosha, alafu unachobaki nacho ni chepesi. Tumia maji yaliyotoneshwa. Wengi mnanunua maji ya betri petroli stesheni, sawa, ila soma chupa vizuri, kuna maji ya kuongezea na kuna asidi ya betri yenyewe na chupa zinafanana. Ya pili ni salfuriki asidi, haina mchezo.

Sababu inayofuata ni kalsiamu kloraidi iliyolowa. Ile kitu inavuta unyevu wa hewani, kopo likikaa wazi wiki mbili Dar unapima maji badala ya chumvi. Na kuna aina mbili dukani, kavu kabisa na ile yenye maji mawili ndani yake: kwa moli 0.1 kwa lita ya kwanza unahitaji gramu 11.1, ya pili 14.7. Sio tofauti ya kuzuia kuganda, lakini ukichanganya na kopo lililolowa unafika pabaya.

Ya tatu, na hii inawaumiza watu wa Zanzibar na Tanga zaidi: umetengeneza "alginati" yako kutoka kwenye mwani unaolimwa. Mwani tunaolima sisi, spinosum na cottonii, ni mwekundu, unatoa karajinani, hautoi alginati hata uuchemshe mpaka kesho. Alginati inatoka kwenye mwani wa kahawia, mfano Sargassum, ule unaosukumwa ufukweni na hakuna anayeutaka. Karajinani nayo inatengeneza jeli na ina vikundi vya salfeti vinavyoshika metali kiasi, ila taratibu zake ni zingine, inayeyushwa kwenye maji moto, na ile ya cottonii inataka potasiamu kuganda vizuri. Usiilazimishe ifuate mapishi ya alginati.

Zinaganda ila zina mikia: sirinji iko karibu mno na uso wa maji, au alginati ni nzito mno. Panda mpaka sentimita 10 hivi, uone. Zinakuwa bapa: umepanda mno, au alginati ni nyepesi, chini ya asilimia 1 na nusu. Uzito unaotafuta ni wa asali, itiririke polepole bila kukatika hovyo. Mabonge? Umemwaga unga wote kwa mkupuo. Nyunyiza kidogo kidogo maji yakiwa yanazunguka, acha usiku mzima, asubuhi mapovu nayo yameshatoka (shanga yenye povu inaelea na kwenye kolamu, ile bomba unayojaza shanga ili maji yapite, itakusumbua). Zinashikana: unadondosha nyingi sehemu moja bila kukoroga.

Dalili: zimevimba, zimekuwa laini, zimeyeyuka

Hapa kuna mtu amenyang'anya kalsiamu.

Wa kwanza kushukiwa ni fosfeti. Umetumia bafa ya fosfeti (dawa ya kutuliza pH isibadilike), au maji yako yana sabuni ya unga au mbolea. Fosfeti inashika kalsiamu, jeli inaachia. Wa pili ni sitreti na EDTA, dawa zinazong'ang'ania metali, na hapa nieleze kidogo, maana kuna wanaosoma kwamba EDTA inatoa metali vizuri kwenye jeli. Ni kweli inatoa, inatoa na kalsiamu pia, shanga zinageuka supu. EDTA ni ya jeli ambazo minyororo yake imefungwa kwa dawa nyingine, sio hizi. Watatu ni chumvi ya kawaida ikiwa nyingi: maji ya bahari au ya visima vya pwani vilivyoingiwa na chumvi, sodiamu inajazana mpaka kalsiamu inasogea. Wa nne, pH imepanda sana, mtu ametia kostiki soda kwa mkono mzito.

Cheki rahisi: chukua shanga kumi, ziweke kwenye maji yaliyotoneshwa peke yake, kumi nyingine kwenye maji yako, ziache hadi kesho. Zikiharibika za pili tu, tatizo ni maji. Zikiharibika zote, hukuziacha za kutosha kwenye kalsiamu, zimeganda ganda la nje tu na ndani bado ni uji. Zikate moja kwa wembe uone.

Kwa wale wa kitosani (jeli inayotokana na maganda ya kamba na kaa), yenu ni kinyume: kitosani inayeyuka kwenye asidi, ndo maana mnaitengeneza kwa siki. Mkiipeleka kwenye maji ya mgodi yenye pH 3 inarudi ilikotoka. Inabidi ifungwe kwa glutaraldehaidi au epiklorohidrini, na hizo dawa mbili sio za kushika bila hudi (kabati la maabara linalovuta mvuke nje) na glovu, ya pili inahusishwa na saratani. Kama huna hudi inayofanya kazi, acha.

Dalili: shanga ni nzuri lakini metali haipungui

Hii ndo kubwa kuliko zote, kwa hiyo kaa hapa.

Anza na pH. Sio kesho, saivi, pima. Chini ya 3 vikundi vya kaboksili vinakuwa vimejaa haidrojeni, metali haina pa kukaa. Panda mpaka 4.5 au 5 kwa kostiki soda nyepesi kabisa, tone kwa tone, pima tena baada ya robo saa maana inashuka yenyewe. Nusu ya malalamiko yanaishia hapa na mtu anaendelea na maisha yake.

Haijaisha? Muda. Shanga ya milimita 3 ina safari ndefu mpaka katikati, metali inapenya polepole. Watu wanaweka dakika 30 kwa sababu waliona namba hiyo mahali, kwa shanga za wengine zilizokuwa ndogo au unga. Chukua sampuli baada ya nusu saa, masaa mawili, masaa sita, na kesho yake. Kama inaendelea kushuka, huna tatizo, una haraka. Na tikisa, shanga zikilala chini ya chupa zile za chini hazioni kitu.

Alafu maji yenyewe. Maji magumu yana kalsiamu na magineziamu mamia ya miligramu kwa lita, metali yako iko 1 au 2. Risasi inashikwa kwa nguvu kuliko kalsiamu kwa hiyo itapambana, shaba pia, kadimiamu kiasi. Ila kobalti, nikeli na zinki ziko nyuma ya kalsiamu yenyewe kwenye foleni. Ndugu zetu wa Kolwezi na Likasi kule Kongo mnaotaka kunasa kobalti kwa alginati tupu kwenye maji yaliyotiwa chokaa, mnapigana vita ya kushindwa, shaba itaingia, kobalti itapita. Jaribio la kuthibitisha: tengeneza maji ya metali hiyo hiyo kwa maji yaliyotoneshwa, kiwango kile kile. Humo ikinasa na kwenye maji yako isinase, shanga ziko sawa, mshindani yupo majini.

Maji ya mgodi yana la kwake, chuma. Yale yenye rangi ya chai yana chuma cha ayoni ya tatu na kinashikwa vizuri mno, shanga zinakuwa za kahawia ndani ya muda mfupi na zimejaa. Kitoe kwanza: pandisha pH polepole kwa chokaa mpaka karibu 4, chuma kingi kinaganda kinatua, shaba nyingi bado iko majini kwa sababu yenyewe inaanza kuganda mbele huko kwenye 5 na nusu, 6. Chuja, alafu ndo ulete shanga. Usizidishe chokaa, ni kalsiamu hiyo.

Sababu nyingine, na hii haitatuliwi kwa pH: unatafuta metali yenye chaji hasi. Aseniki majini mara nyingi iko kama aseneti, kromiamu ya sita iko kama kromati, zote hasi, na alginati nayo ni hasi. Zinasukumana. Mtu wa Kanda ya Ziwa anayetaka kutoa aseniki kwenye kisima anahitaji jeli iliyowekewa chuma ndani yake au kitu kingine kabisa. Kromiamu ulizia chanzo chake: viwanda vya ngozi vinatumia kromiamu ya tatu, hiyo ina chaji chanya na ina matumaini. Maji ya wachovyaji wa kromu ndo yana ya sita, na ya sita ni sumu mbaya zaidi, usiichezee.

Na mwisho, shanga ni chache tu. Piga hesabu ya kikomo, yaani shanga zako zinaweza kushika metali kiasi gani, kabla ya kulaumu kemia.

Jeli ya pampasi: naulizwa kila wakati. Ile poda nyeupe ni sodiamu poliakrileti, ina kaboksili nayo, inashika metali kweli. Lakini ikikutana na shaba au kalsiamu inasinyaa, ule uvimbaji wote mliouona kwenye video ni wa maji safi, alafu inakuwa ute unaoziba kila chujio. Kwa kuonyesha darasani sawa.

Dalili: imenasa asilimia 99, mwalimu hataki kuamini

Mwalimu yuko sahihi. Uliza pH tena, ila safari hii upande wa juu. Ikiwa 6 na nusu au 7, shaba na risasi zinaganda zenyewe na kutua chini, ukichuja unasema shanga zimefanya kazi kumbe hazihusiki. Dawa ni chupa moja ya ziada isiyo na shanga, kila kitu kingine sawa sawa, ipimwe pamoja na zingine. Projekti isiyo na hiyo chupa mi naona bora isitetewe tu mbele ya watu, utaulizwa na hutakuwa na jibu. Hiyo chupa pia inakamata metali inayonata kwenye kuta za vioo na plastiki, ambayo kwenye viwango vya chini inatosha kuharibu namba.

Kuna na kosa la mrututu (kopa salfeti). Gramu 1 ya mrututu sio gramu 1 ya shaba, ni asilimia 25 na nusu tu, kingine ni salfeti na maji. Ukitaka gramu 1 ya shaba kwa lita pima 3.93. Na usichukue dawa ya kahawa dukani ukadhani ni mrututu, nyingi ni kopa oksikloraidi, ni ya kijani, haiyeyuki, inatua chini na utaandika "imenaswa".

Dalili: kipimo cha TDS (jumla ya chumvi zilizoyeyuka majini) hakishuki, au kimepanda

Ni sawa kabisa kisishuke. Kile kipimo kinapima umeme unaopita majini, hakijui shaba na kalsiamu ni nani. Shaba imeingia, kalsiamu imetoka, namba inabaki pale pale, na kama hukuosha shanga vizuri kloraidi iliyobaki inaipandisha. Osha mara tatu nne kwa maji yaliyotoneshwa kabla ya kutumia. Ila TDS sio kipimo cha kazi hii, utatumia AAS (mashine ya kupima kiasi cha metali) ya chuo au ya maabara ya serikali. Kwa shaba nyingi unaweza kutia amonia na kuona bluu nzito, inasaidia kujua kama shanga zimejaa, haikupi namba. Amonia fungulia nje au dirishani.

Dalili: uwezo wangu (metali kwa kila gramu ya shanga) ni mara ishirini chini ya wa kwenye makala

Umegawanya kwa uzito wa shanga zikiwa mbichi. Shanga zile karibu zote ni maji, na wanaoandika miligramu mia na kitu kwa gramu wanatumia uzito mkavu. Kausha shanga chache zenye uzito unaojulikana kwenye oveni mpaka uzito usibadilike, pata asilimia, rekebisha. Hakuna kingine hapo.

Dalili: kolamu imeziba, au maji yanapita haraka bila kunaswa

Imeziba: tope. Chuja maji kabla, hata kwa pamba na mchanga uliooshwa. Kama yalikuwa safi, basi shanga za chini zimepondeka kwa uzito wa za juu, kolamu ni ndefu mno kwa jeli laini kiasi hicho. Gawanya mbili fupi, au pitisha maji kutoka chini kwenda juu. Yanapita haraka: yamepata njia ya pembeni, kando ya ukuta au kwenye mfuko wa hewa. Tia rangi ya chakula kidogo juu uangalie inavyoshuka. Jaza kolamu maji kwanza alafu ndo mwage shanga, na usiiache ikauke katikati ya kazi hata siku moja.

Dalili: metali imeingia, haitoki

Kwa shaba haidrokloriki asidi ya moli 0.1 kwa lita inatosha, ni mililita 8.3 za ile kali ya asilimia 37 kwenye lita moja. Asidi inaingia kwenye maji, kamwe sio maji kwenye asidi, miwani na glovu. Asidi ya kusafishia choo usitumie, hujui ina nini kingine na mtu akiichanganya na jiki inatoa klorini.

Ikitoka kidogo tu, sababu ya kwanza ni muda, kama ilivyochukua masaa kuingia itachukua masaa kutoka. Rudia kwa mafungu madogo mawili matatu badala ya fungu moja kubwa, maana faida yote ya kazi hii ni kukusanya: lita 10 zenye miligramu 50 kwa lita zina nusu gramu ya shaba, ukiitoa kwa mililita 250 unapata gramu 2 kwa lita, na hiyo ndo unaweza kuifanyia kitu. Ukiitoa kwa lita 10 za asidi umehamisha tatizo na kuliongezea asidi.

Ukiona weupe juu ya shanga, umetumia salfuriki. Kalsiamu ya kwenye jeli imeganda kuwa jasi, na kama ni risasi ndo kabisa, risasi salfeti haiyeyuki, imejifungia humo humo. Risasi inatolewa kwa nitriki, hata haidrokloriki inaanza kuangusha fuwele ikiwa nyingi. Na nitriki ndo mahali pa kumuita mwenye maabara.

Baada ya asidi shanga zinasinyaa na zinakuwa ngumu kidogo, ni kawaida. Ila hazina kalsiamu tena, ukizirudisha moja kwa moja kwenye maji ya pH 6 zinalainika na kuanza kumong'onyoka, na hii ndo sababu ya wote wanaosema "raundi ya pili zimekufa". Osha mpaka maji yanayotoka yafike pH karibu 5, loweka tena kwenye kalsiamu kloraidi masaa kadhaa, badilisha hiyo kalsiamu kloraidi mara moja tu katikati, alafu tumia. Uwezo utapungua kila raundi hata ukifanya yote sawa. Ukishuka ghafla badala ya polepole, chunguza chuma au mafuta.

Dalili: nimeweka misumari, shaba haigandi

Misumari ya chuma unaiweka kwenye ile asidi iliyotoa shaba, ili shaba igande kuwa metali. Isipoganda, misumari imepakwa zinki au mafuta. Ya bati ni ya zinki. Tafuta ya kawaida, isugue kwa msasa. Kisha pH: ikiwa 1 chuma kinaliwa na asidi kinatoa mapovu ya haidrojeni, kazi bure, na haidrojeni inawaka kwa hiyo hakuna sigara na usifunge kifuniko. Ipandishe mpaka 2 au 3. Juu zaidi chuma kinaganda kahawia na kuchafua kila kitu. Kwa nusu gramu ya shaba inaliwa karibu gramu 0.44 ya chuma, weka zaidi ya hapo. Unga mwekundu ukidondoka chini chuja haraka, osha, kausha, hewa inauharibu. Hii ni ya shaba tu. Kadimiamu, nikeli na kobalti msumari hauzipati, kwa maji mchanganyiko unahitaji mtu wa umeme wa elektrolisisi na maabara ya kweli.

Dalili: zinanuka, zimeota ukungu, au zilikaushwa hazivimbi tena

Alginati ni chakula cha bakteria. Weka frijini kwenye kalsiamu kloraidi nyepesi, sio friji ya chakula. Zilizokaushwa hazirudi ukubwa wake hata uzisubiri, zinanasa polepole zaidi, lakini kusafirisha ni rahisi, chagua.

Shanga zilizochoka zikiwa na shaba unaweza kuitoa shaba kwa asidi na kuzihifadhi kavu. Zenye risasi, kadimiamu au kromiamu zisiende jalalani, zisichomwe, zisizikwe shambani: ndoo yenye kifuniko, andika juu metali gani na tarehe, asidi iliyotumika kwenye chombo chake cha plastiki, na upige simu NEMC (mamlaka ya mazingira Tanzania), au NEMA kwa upande wa Kenya, waseme mpokeaji mwenye leseni ni nani kabla ndoo hazijawa nyingi.